Kipanya Kikigoma, Usikubali Kompyuta Ifutwe

Maandishi ya mazungumzo kwa wahudumu wa saiba, makarani wa vyama, walimu na wakazi wote wanaotumia kompyuta zenye mfumo wa Linux



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo kinachoenea kiganjani: kipanya cha kompyuta, au mausi kama wengi wanavyokiita. Kikikwama, kazi yote husimama, na mwenye kompyuta hushikwa na hofu. Katika hofu hiyo watu wengi hufanya kosa linalowagharimu kuliko bei ya kipanya chenyewe. Wanakubali kompyuta ifutwe yote kabla ya kujua ni nini hasa kilichoharibika.

Fikirieni kisa hiki, ambacho mhudumu yeyote wa saiba atakitambua.

Ni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi. Katika saiba moja ndogo karibu na soko kuna kompyuta mbili za mezani, zote zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na zote zinatumia Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Mhudumu ni dada ambaye pia ni karani wa chama cha akina mama wa hapo sokoni. Kitabu cha mikopo cha chama, cha miaka mitatu, kimo ndani ya kompyuta ya kwanza: nani alikopa, nani amelipa, nani bado anadaiwa. Nakala ya mwisho aliyoweka kwenye flashi ni ya mwezi wa Februari.

Alasiri anaingia mwalimu mstaafu mwenye karatasi zake mkononi. Dada anamkalisha, anafungua kompyuta, na kipanya kinakataa. Kishale kinasonga kidogo, kinasimama. Anakitikisa kipanya, hakuna kitu. Anabofya kwa hasira, kinasonga tena, kisha kinasimama tena. Anazima kompyuta na kuiwasha upya. Hali ni ile ile.

"Binti yangu, sitapigwa faini?" mzee anauliza.

"Hapana, Mwalimu. Nipe muda kidogo."

Anampigia simu fundi wa mtaa, naye anafika haraka. Anatazama mara moja tu.

"Dada, shida ni draiva. Hii Linux haina draiva ya mausi yako. Nipe elfu moja mia tano nikuwekee Windows. Nusu saa tu iko tayari."

"Na vitu vilivyo ndani?"

"Hivyo vitaenda. Lazima niifomati kwanza."

Huyo fundi si mlaghai. Anasema anachokijua, kwa sababu amezoea mfumo mmoja. Lakini kama dada angesema sawa, miezi minne ya hesabu za akina mama ingepotea jioni hiyo. Wanachama wangebaki kubishana nani alilipa na nani hakulipa, na vyama vingi huvunjika kwa mabishano ya namna hiyo.

Dada akasema, "Hapana kwanza, kaka. Acha niangalie mwenyewe."

Mazungumzo haya ni hatua alizozifuata.

Kwanza, draiva ni nini?

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa kilichochomekwa. Aliyezoea Windows amezoea pia kuambiwa atafute draiva, aipakue, aisakinishe. Kwenye Linux mambo ni tofauti. Draiva za vipanya vya kawaida zimo tayari ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Kipanya cha waya cha USB hushughulikiwa na sehemu iitwayo usbhid. Vipanya vya zamani vyenye kichwa cha mviringo, na sehemu nyingi za kugusa za kompyuta za mapajani, hushughulikiwa na psmouse. Sehemu nyingi mpya za kugusa hutumia i2c_hid. Zote huja pamoja na mfumo, bila malipo na bila kupakua chochote.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Linux haina draiva ya kipanya cha kawaida cha dukani, mara nyingi sana anakosea. Na ukiona tovuti inayokupa draiva ya mausi ya kupakua, usiiguse. Programu hizo nyingi ni za Windows, na nyingine ni mitego ya kuingiza virusi.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake latoka katika lugha za Nguni za huko. Ni ndugu wa neno letu utu. Mifumo hii hupatikana bure, na huenda vizuri hata kwenye mashine za miaka mingi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, wenye kompyuta zisizokubali Windows 11 wana sababu moja zaidi ya kuhamia Linux. Kwa hiyo ni vyema kujua namna ya kuitunza.

Barua imekwama ofisi gani?

Chukueni mfano wa barua ya malalamiko. Inatoka kijijini, inapita kwa msimamizi wa wadi, inafika kaunti ndogo, kisha makao makuu. Isipojibiwa, mtu mwenye busara hachomi makao makuu. Anaanza kijijini na kuuliza kila ofisi: barua ilifika hapa?

Kipanya nacho hufanya hivyo. Ukikisogeza, habari inatoka kwenye kifaa chenyewe, inapita kwenye waya na tundu, inapokelewa na keneli, inakabidhiwa programu iitwayo libinput, kisha inafika kwenye skrini unakokiona kishale. Kazi yako ni kujua habari imekwama wapi. Ukishajua, suluhisho kwa kawaida ni dogo.

Hatua ya 1: Okoa kazi kwa kibodi

Kabla ya kutafuta ugonjwa, okoa kilicho wazi. Kipanya kikifa, kibodi bado iko hai. Ctrl na S huhifadhi faili. Alt na Tab hukupeleka kutoka dirisha moja hadi lingine. Tab peke yake hukusogeza kutoka kisanduku kimoja cha fomu hadi kinachofuata, Shift na Tab hukurudisha nyuma. Upau mrefu hutia alama kwenye kisanduku, na Enter hubonyeza kitufe.

Kuna na njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndani ya "Settings", kwenye sehemu ya "Accessibility", kuna chaguo liitwalo "Mouse Keys". Ukiliwasha, tarakimu za upande wa kulia wa kibodi hugeuka kuwa kipanya: 8 hupandisha kishale, 2 hukishusha, 4 hukipeleka kushoto, 6 kulia, na 5 hubofya. Ni polepole, lakini kazi inakwenda. Ukitaka kufika hapo bila kipanya, bonyeza kitufe chenye picha ya dirisha, andika accessibility, kisha Enter.

Hivyo ndivyo dada alivyofanya. Kwanza alichomeka flashi na kunakili kitabu cha mikopo, kwa kibodi tupu. Ilimchukua dakika chache. Baada ya hapo, hata kama kompyuta ingelipuka, hesabu za akina mama zilikuwa salama. Kisha akamhudumia Mwalimu, kisanduku baada ya kisanduku, mpaka marejesho yakakubaliwa na risiti ikachapishwa. Mzee aliondoka kabla ya giza kuingia.

Hatua ya 2: Chunguza kifaa chenyewe

Sasa anza kijijini. Geuza kipanya na utazame chini. Vipanya vingi vya siku hizi hutumia taa, mara nyingi nyekundu. Unywele au vumbi kwenye tundu la taa huweza kukivuruga; lisafishe kwa kitambaa kikavu. Meza ya kioo nayo hukisumbua, kwa hiyo weka karatasi chini yake na ujaribu tena. Kama hakina waya, badilisha betri.

Kisha badilisha tundu. Kikiwa mbele ya kompyuta, kipeleke nyuma. Kikiwa kimepitia kigawanyo cha USB, kiondoe na ukichomeke moja kwa moja kwenye mashine. Kipanya cha zamani chenye kichwa cha mviringo kina sharti lake: zima kompyuta kwanza, kichomeke, ndipo uiwashe.

Jaribio kubwa katika hatua hii ni kubadilishana. Chukua kipanya hicho ukakitie kwenye kompyuta nyingine, na ulete kizuri kwenye kompyuta yenye shida. Kile kinachosumbua kikiendelea kusumbua huko kilikohamia, kipanya ndicho kibovu, na kununua kingine ni nafuu kuliko kumlipa fundi. Kile kinachobofya mara mbili unapobofya mara moja pia huwa kimechakaa swichi yake. Hakuna amri ya kompyuta itakayokiponya.

Dada alibadilishana. Kipanya chake kilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya pili. Kile cha pili kilipoletwa kwenye ya kwanza, nacho kikaanza kusinzia. Kipanya kilikuwa kizima. Barua ilikuwa imetoka kijijini.

Hatua ya 3: Je, mfumo unakiona?

Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuandikia amri, liitwalo terminali. Msiliogope. Amri ya kwanza inasoma tu, haibadilishi kitu:

lsusb

Itatoa orodha ya vifaa vya USB vilivyochomekwa. Chomoa kipanya, andika tena, na ulinganishe. Mstari ukipungua, mfumo unakiona kipanya. Usipopungua hata mmoja, rudi hatua ya 2, kwani shida iko kwenye waya au tundu.

Amri ya pili ni hii:

sudo dmesg -w

Itakuomba nenosiri lako. Ukiliandika halitaonekana, na hilo ni la kawaida. Kisha chomoa kipanya na ukichomeke tena huku ukitazama mistari mipya. Ukiona jina la kipanya na neno input, keneli imekipokea. Ukiona "device descriptor read" ikifuatwa na error -71 au error -110, mazungumzo kati ya kifaa na mashine yanakatika. Sababu mara nyingi ni waya uliochoka, tundu lililolegea au umeme usiotosha. Kuacha kutazama, bonyeza Ctrl na C.

Kwenye kompyuta ya dada, kipanya kilionekana kwenye orodha, na hakuna kosa lililoandikwa. Hapo maneno ya fundi yakawa yameshajibiwa: draiva ilikuwepo, na ilikuwa imekitambua kipanya kwa jina.

Hatua ya 4: Je, miendo inafika?

Kuonekana ni jambo moja, kusikika ni jingine. Kuna kifaa cha kusikiliza ambacho huwekwa mara moja tu:

sudo apt install libinput-tools

Kisha:

sudo libinput debug-events

Sogeza kipanya. Kila mwendo unapofika, mstari wenye POINTER_MOTION huandikwa. Kila unapobofya, huandikwa POINTER_BUTTON. Mistari ikimiminika ilhali kishale kimeganda, barua imefika makao makuu na shida iko kwenye mpangilio wa skrini. Fungua "Settings", tazama sehemu ya kipanya, na hakikisha kasi haijashushwa hadi mwisho. Ingia pia kwa akaunti ya mtumiaji mwingine. Kikifanya kazi huko, basi ni mpangilio wa akaunti yako uliovurugika, wala si mfumo.

Kwa kompyuta ya mapajani, kumbukeni kwamba sehemu ya kugusa mara nyingi huzimwa kwa bahati mbaya. Tafuteni juu ya kibodi kitufe chenye picha ya sehemu hiyo na mkibonyeze pamoja na Fn. Wengi wamelipia matengenezo ya kitu ambacho kitufe kimoja kingekirudisha.

Dada alisogeza kipanya: hakuna mstari. Alibofya: POINTER_BUTTON. Akasogeza upesi: mistari ikamiminika. Akatulia kidogo, akasogeza tena: kimya. Akakiinua na kukitazama chini. Ile taa nyekundu ilikuwa imezimika. Alipobofya, ikawaka.

Kipanya hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinalala.

Hatua ya 5: Jaribu mfumo mwingine bila kufuta wako

Hapa ndipo penye jaribio ambalo lingewaokoa wengi. Flashi ile ile inayotumika kuweka Ubuntu huweza pia kuiendesha bila kuiweka. Unazima kompyuta, unachomeka flashi, unawasha ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, ambacho kwa mashine nyingi ni F12, F9 au Esc. Ukiulizwa, chagua kujaribu, yaani "Try Ubuntu". Usichague "Install". Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi, na diski yako haitaguswa.

Kipanya kikikataa hata huko, shida yaelekea ni ya mashine. Kikifanya kazi vizuri huko, mashine ni nzima, draiva ni nzima, na kosa ni mpangilio uliomo ndani ya mfumo ulioko kwenye diski. Kosa la mpangilio hurekebishwa. Halihitaji kufuta chochote.

Kwa dada, kipanya kilikwenda bila kusinzia hata mara moja. Basi akajiuliza swali ambalo lingefaa kuulizwa mwanzo kabisa: ni nini kilichobadilishwa kwenye kompyuta hii tangu ilipokuwa nzima?

Akampigia simu mdogo wake, ambaye humsaidia kufungua saiba asubuhi.

"Ulifanya nini kwenye ile kompyuta?"

"Hakuna kitu, dada. Niliweka tu ile programu ya kupunguza stima. Si ulisema tokeni zinaisha haraka?"

Programu hiyo yaitwa powertop. Ina amri moja ambayo huwasha kila njia ya kuokoa umeme kwa pamoja, na kijana alikuwa ameipanga ijiendeshe kila kompyuta inapowashwa. Mojawapo ya njia hizo ni kukilaza kifaa cha USB kisipotumika kwa muda mfupi. Kwa vifaa vingine haina neno. Lakini kipanya cha taa kikilazwa, taa yake huzimika, na taa ikizimika hakiwezi kujua kuwa kimesogezwa. Huamka tu ukibofya. Umeme unaookolewa kwa kukilaza kipanya ni mdogo mno. Tokeni hazingeongezeka hata siku moja kwa ajili yake.

Dawa yake ilikuwa hii. Dada aliandika:

sudo powertop

Akabonyeza Tab mpaka akafika ukurasa wa "Tunables", akashuka kwa mshale hadi kwenye mstari wenye jina la kipanya, akabonyeza Enter. Neno "Good" likageuka kuwa "Bad". Asishtuke mtu hapo: programu hii huita "Bad" chochote kisichookoa umeme. Kipanya kikaamka na kikakaa macho. Kisha mdogo wake akaja kuiondoa ile amri iliyojiendesha, ili shida isirudi asubuhi.

Gharama ya matengenezo hayo yote ilikuwa sifuri. Hakuna draiva iliyopakuliwa, na hakuna faili iliyopotea.

Sababu nyingine zinazoonekana mara kwa mara

Si kila kipanya kinacholala kina sababu ile. Haya hapa mengine ya kukumbuka.

La kwanza, keneli mpya. Wakati mwingine kipanya au sehemu ya kugusa hukataa baada tu ya mfumo kujisasisha. Ubuntu huiweka keneli ya zamani kando, haiitupi mara moja. Washa kompyuta ukishikilia Shift, au kwa mashine mpya ukigusa Esc, mpaka menyu ionekane. Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha keneli yenye namba ndogo kuliko ya juu. Kila kitu kikienda sawa, endelea kuitumia hiyo huku ukingoja sasisho lijalo.

La pili, sehemu ya kugusa inayoganda baada ya kompyuta ya mapajani kuamka usingizini. Kama inatumia psmouse, inaweza kuondolewa na kurudishwa kwa amri mbili:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Ni kama kumwamsha mlinzi aliyesinzia langoni. Humfukuzi kazi, unamwamsha tu.

La tatu, vipanya visivyo na waya. Vingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na matundu ya USB 3, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, huweza kuyavuruga. Hamisha kile kipokezi kidogo kwenye tundu jingine, au kisogeze karibu na kipanya kwa waya wa kurefusha. Kama ni kipanya cha Bluetooth, andika rfkill list na uone kama Bluetooth imefungwa. Ikiwa imefungwa, rfkill unblock bluetooth huifungua.

Kabla ya kumlipa fundi

Mafundi wetu wanahitajika, na kazi yao ni ya halali. Lakini mwenye kompyuta ana haki ya kuuliza. Maswali ni matatu. Umejaribu kipanya kingine kwenye mashine hii, na hiki kwenye mashine nyingine? Mfumo unakiona kipanya au haukioni? Na la tatu, lenye uzito kuliko yote: faili zangu umezinakili wapi kabla hujafomati?

Fundi mzuri atajibu yote matatu bila kukasirika. Asiyeweza kujibu, mshukuru na umwambie arudi kesho.

Kuna na jambo la sheria. Anayeweka habari za watu wengine kwenye kompyuta yake, iwe ni namba za vitambulisho vya wateja, fomu za basari za wanafunzi au hesabu za wanachama, amebeba dhamana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka azilinde habari hizo zisipotee wala zisifike mikononi mwa asiyehusika. Kuiacha kompyuta kwa mtu aifute au aondoke nayo, bila nakala na bila maandishi, ni kuichezea dhamana hiyo.

Kwa hiyo wekeni desturi mbili. Ya kwanza, kila Ijumaa jioni nakilini faili muhimu kwenye flashi, na flashi hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Ya pili, wekeni daftari karibu na kila kompyuta. Kila anayeongeza programu au kubadilisha mpangilio aandike tarehe, alichofanya na jina lake. Kama daftari hilo lingekuwepo katika saiba ile, dada angesoma mstari mmoja wa asubuhi na kulijua jibu kabla Mwalimu hajakaa kitini.

Muhtasari wa kubandika ukutani

Okoa kazi kwa kibodi. Nakili faili kwenye flashi. Safisha kipanya, badilisha tundu, badilishana na cha kompyuta nyingine. Andika lsusb uone kama kinaonekana. Andika sudo libinput debug-events uone kama miendo inafika. Jaribu Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuiweka. Jaribu keneli ya zamani. Uliza ni nini kilichobadilishwa mwisho. Baada ya yote hayo ndipo uite fundi, na usiruhusu kufomati mpaka faili zako ziwe mkononi mwako.

Asubuhi ya tarehe 1 Julai, yule fundi alipita tena pale saiba. Alikuta kompyuta ile ile, mfumo ule ule, na kipanya kile kile kikifanya kazi. Hakukasirika. Alivuta kiti, akatoa simu yake ili aandike.

"Dada, hebu nionyeshe ile ya kutazama kama miendo inafika. Nina mteja mwingine kule juu, nilikuwa nimemwambia nitamfomatia leo."